Bibi Harusi wa Upanga

Sehemu ya Kumi na Nne

Mwewe ameanguka, ndugu msomaji, na mpaka sasa hakuna aliyethubutu kumwokota.

Tuliachana hapo hapo wiki jana: mbele ya moto wa ndoa, kambini kwa mtawala Rao Akheraj, katikati ya jangwa. Sarupde, binti pekee wa Rao, alikuwa amemaliza kuuzunguka moto mara ya nne na ya mwisho. Bwana harusi hakuwepo. Ulikuwepo upanga wake, umelazwa juu ya mto wa hariri, kwa maana desturi ya Warajputi wa Uhindi inamruhusu bwana harusi mwenye shughuli za vita kutuma upanga wake ukaoe kwa niaba yake.

Na ghafla yule mwewe wa dhahabu aliyepamba mpini, nembo ya nyumba ya Sonpura, akalegea. Akateleza. Akadondoka kwenye sinia la mchele: ti!

Kumbe alikuwa amebandikwa kwa lakiri, na joto la moto limeiyeyusha.

Chini yake, kwenye chuma kitupu, palikuwa pamechorwa nira ya ng'ombe.

Hapakuwa na mtu jangwani asiyeijua alama ile. Ilikuwa kwenye magunia yote, kuanzia kwenye mabwawa ya chumvi mpaka sokoni. Ilikuwa alama ya wabeba chumvi.

Watu mia tatu wakanyoosha shingo kuutazama upanga. Ng'ombe ndio walioendelea kucheua.

Lakini hakuna aliyeutazama kwa uchungu kama Mzee Asudan, malenga wa ukoo. Mkono wake ulishuka polepole mpaka kiunoni, ukagusa jambia lake. Miaka hamsini alikuwa amelivaa kama pambo. Leo ndipo alipogundua kwamba lina makali.

Siku kumi zilizopita, Asudan alikuwa amesimama ukumbini Sonpura, tumbo limejaa wali wa samli, akasema kwa sauti nzuri: "Mimi ni dhamana! Sarupde atakuwa mke katika nyumba hii, na nyumba hii itawafungulia watu wa Rao Akheraj visima na maghala yake. Neno hili likivunjika, upande wowote, nitajichoma jambia hili mlangoni penu, na damu yangu iwe juu yenu vizazi saba!"

Watu walilia. Watawala wawili wasipoaminiana, ndivyo inavyofanyika: malenga hujiweka rehani, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayetaka damu ya malenga kwenye kizingiti chake. Asudan mwenyewe alikuwa ametunga tenzi kumi na mbili za kuwasifu malenga waliokufa namna hiyo. Alizitunga vizuri, akiwa amekaa kwenye mto laini.

Sasa zamu ilikuwa yake, na hakuona ubeti hata mmoja.

"Ni nini hicho?" aliuliza Rao Akheraj, akinyoosha kidole.

"Nira, Mpaji wa Chakula," alijibu kuhani.

Hilo ndilo jina la heshima walilomwita Rao tangu siku aliyorithi kiti. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu alipompa mtu yeyote chakula kinachozidi konzi ya mtama wa kukaanga, lakini cheo ni cheo.

"Nira ya nini?"

"Ya ng'ombe, Mpaji. Wa chumvi."

Rao akaivuta pumzi mpaka kilemba kikapanda. "Fungeni lango! Asitoke mtu!"

Bijo, mlinzi wa lango kwa miaka arobaini, akaondoka mbio. Lango lenyewe lilibaki Kotdungar, ngome ya mababu, ambayo mizinga ya padishah, mfalme mkuu aliyeshuka kutoka Kabuli, iliiangusha asubuhi moja kabla ya maziwa kuchemka. Hapa kambini palikuwa na nguzo mbili za hema zilizosimikwa mchangani, bila ukuta kulia wala kushoto. Bijo akasimama katikati ya nguzo, akaisukuma hewa kwa mikono miwili, akashusha komeo lisiloonekana, kisha akarudi akihema.

"Limefungwa, Mpaji!"

Ilikuwa kwa wakati mzuri. Thakur Nimba, mjumbe wa Sonpura aliyeuleta upanga, mtu mwenye masharubu ya kupanga viatu juu yake, alikuwa tayari ameshamfungua ngamia. Alipoona lango limefungwa, akakwama. Angeweza kupita pembeni. Jangwa zima lilikuwa pembeni. Lakini muungwana hapiti pembeni ya lango la mwenyeji wake.

"Ndugu yangu Thakur," Rao akamwita kwa upole wa kutisha, "njoo utueleze."

"Ngamia," alisema Nimba.

"Ngamia amefanya nini?"

"Ngamia... alitikisika sana njiani, Mpaji. Mambo yakachanganyika."

"Alitikisika mpaka upanga ukabadilika ukoo?"

Rani Kasturde, mama wa bibi harusi, hakusubiri jibu. "Miaka kumi na minane nimemlea mtoto huyu kwa maziwa na majivuno! Nimemkataza kukanyaga kivuli cha mtu asiye na ngome! Leo nimemwozesha gunia la chumvi, tena kwa ngoma na tarumbeta!"

"Basi tufanye upya," alisema Rao. "Lete upanga mwingine. Hata wangu."

"Wako ni wa baba yake, Mpaji," kuhani alikohoa. "Halafu binti wa Kirajputi hauzunguki moto mara mbili. Ameshaolewa. Moto hausomi mipini."

"Na wewe?" Rani akamgeukia. "Nawe husomi?"

"Mimi macho yangu yalikuwa kwenye sala, mama."

"Yalikuwa kwenye sinia la peremende. Nilikuona."

"Hata tukitaka kurudia," kuhani aliharakisha, "mnajimu anasema saa njema inafungwa adhuhuri. Nyingine ni baada ya siku arobaini."

"Wapanda farasi wa padishah wako mwendo wa siku tatu nyuma yetu," mtu mmoja alikumbusha.

"Basi waambieni wasubiri siku arobaini," alisema Rao.

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa Rao hakuwa akitania.

Wakati huo huo shangazi mmoja, mwanamke mwepesi wa huruma isiyoombwa, alikuwa ameshafika mbele ya bibi harusi na kitambaa cheupe cha ujane mikononi. "Maskini mwanangu, labda mwenye upanga alishakufa. Wabeba chumvi hawadumu. Vaa tu mapema, uzoee."

Sarupde akainua ushungi wake mwekundu kidogo, kiasi cha jicho moja.

"Shangazi, rudisha hicho. Hata jina lake silijui bado, wewe unataka niwe nimeshamlilia?"

Akasimama, akajitia ndani ya mkokoteni wake wa mapazia, akaketi.

Asudan akaona kwamba kila mtu sasa anamtazama yeye. Wanawake walimtazama kwa machozi. Wanaume walimtazama kwa heshima. Mmoja wao aliuliza kwa sauti ya chini kama malenga angependa jiwe la kunolea.

"Nipeni muda wa kuzungumza na Thakur," alisema Asudan.

*

Akamkokota Nimba nyuma ya mkokoteni, akatoa kijiko chake, akakoroga afyuni kwa maji, akaimimina kwenye kiganja chake cha kulia na kukinyoosha.

Nimba akarudi nyuma. "La, mzee. Usinifanyie hivyo."

"Kunywa."

Yeye aliyekunywa afyuni kwenye kiganja cha mwenzake hawezi kumdanganya siku hiyo. Na anayekataa kiganja ametangaza uadui, jambo lisilofaa kwa mtu aliye mgeni, aliye peke yake, na ambaye amefungiwa lango. Nimba akainamisha masharubu, akanywa.

"Upanga wa bwana harusi wetu, Mwanamfalme Gajsi, uko wapi?" aliuliza Asudan.

"Uko salama."

"Wapi?"

"Kwa padishah."

Asudan akafumba macho. "Endelea."

"Kwenye vita vya kivuko cha Jhajli, mwaka jana. Gajsi alipoyaona mavumbi ya mizinga, akautupa."

"Akautupa!"

"Ili farasi awe mwepesi."

"Na ngao?"

"Ngao ilitangulia."

"Nimba! Mimi nilitunga beti arobaini juu ya vita vile! 'Simba wa Sonpura alipoingia majini, mto ukageuka mwekundu'! Mlinitumia habari, mkanipa kilemba cha hariri!"

"Beti nzuri mno, mzee. Anaziimba mwenyewe akioga."

"'Upanga wake ukapata mapengo saba kwa kofia saba za chuma'!"

"Hapo sasa," Nimba akamgusa kifuani kwa kidole, "hapo hapo ndipo ulipotuponza. Rawal wetu, baba yake Gajsi, alisema: upanga huu unakwenda kuoa, wazee watautazama, na kila mtoto anajua ule wimbo. Lazima uwe na mapengo saba! Tukafungua ghala la silaha. Panga mia mbili, mzee, zote nyororo kama mashavu ya mtoto. Nyumba ya Sonpura haijaharibu makali tangu enzi za babu yake Rawal. Tukatafuta siku nzima, tukaupata mmoja tu. Mapengo saba kamili! Nilihesabu mara mbili. Tulikumbatiana kwa furaha. Tukabandika mwewe."

"Kwa lakiri."

"Nani angefikiria moto?"

"Kwenye harusi, Nimba?"

Nimba akatazama miguu yake. Asudan akajikuna ndevu. Kumbe pengo lile moja la ziada, lililotakiwa ili ubeti usipungue mizani, ndilo lililomleta hapa. Awali alikuwa ameandika sita.

"Na huyo mwenye upanga?"

"Anaitwa Lakho. Mbeba chumvi. Siku ile alikuwa akivusha ng'ombe wake pale kivukoni. Sisi tulipokimbia... tulipojipanga upya kwa kurudi nyuma haraka... yeye alibaki. Akasimama kwenye maji ya kiunoni, mahali pembamba, akaziba njia mpaka jeshi letu zima likavuka. Kwa nini alifanya hivyo mimi sijui. Nadhani ng'ombe wake walikuwa bado majini."

"Akafa?"

"Walikuwa mia kwa mmoja. Wachungaji wetu waliuokota upanga kwenye matope siku tatu baadaye."

"Na maiti?"

"Hatukumtafuta. Tulikuwa tunasherehekea ushindi."

Pazia la mkokoteni likasogea.

"Babu Asudan," ikasema sauti ya Sarupde, karibu kabisa na sikio lake.

Wazee wawili wakaruka kama panya.

"Baisa! Binti mtukufu, umesikia?"

"Mnaongea nyuma ya mkokoteni wangu, mnadhani pazia ni mlima? Thakur, huyo Lakho ana mke?"

"Alikuwa na ng'ombe, Baisa."

"Vizuri. Babu, wewe ndiwe uliyeifikisha nasaba ya baba yangu kwenye jua?"

Asudan akajinyoosha. Hilo lilikuwa jambo la fahari. "Kizazi baada ya kizazi, bila kuruka hata kimoja. Ilinichukua msimu mzima wa mvua."

"Basi mfikishe Lakho kwa Rawal wa Sonpura. Si mbali hivyo. Kizazi kimoja tu."

Asudan hakukataa papo hapo, kwa sababu alikuwa fundi, na fundi akionyeshwa kazi huitazama kwanza.

"Mwana wa kwanza," Sarupde aliendelea. "Alizaliwa, wanajimu wakasema nyota yake ni nzito, akafichwa kwa wabeba chumvi mpaka atakapotoka kwenye maji makubwa. Akatoka pale kivukoni. Sasa yuko safarini, ndiyo maana ametuma upanga. Mume aliye safarini hatoi kelele, babu. Halewi. Hatupi ngao. Mimi nitaingia Sonpura nikiwa mke wa kaka mkubwa, watu wetu watakunywa maji, na Gajsi ataendelea kuoga na nyimbo zako."

"Lakini Baisa, huyo mtu ni marehemu!"

"Nani aliyeona maiti?"

Wote wawili wakamtazama Nimba. Nimba akaitazama anga.

"Mtu mmoja alisimama majini," alisema Sarupde, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Wengine wote walikimbia, na wa kwetu pia walikimbia kutoka Kotdungar, nilikuwepo, niliona. Nimeolewa na upanga wa yule aliyesimama. Mimi sibadilishi. Wewe chagua, babu: kalamu au jambia."

Asudan hakuhitaji muda mrefu.

"Haiwezekani!" Nimba alifoka. "Nitamwambia nini Rawal? Atasema hana mtoto kama huyo!"

"Rawal ana wake wangapi?" aliuliza Asudan.

"Kumi na tisa."

"Mwambie awakumbuke mmoja mmoja."

"Sitaweka kidole changu kwenye uongo mkubwa hivi!"

"Sawa. Basi nami sitauacha uongo wangu wa zamani ubaki. Nitazirekebisha zile beti arobaini, nikaziimbe kila kijiji kuanzia hapa mpaka baharini. Nitaanza na ngao."

Masharubu ya Nimba yakaanza kushuka, kwanza upande mmoja, halafu wa pili.

"Wino uko wapi?" aliuliza.

*

Hati ya nasaba ilikunjuliwa mbele ya moto, dhiraa ishirini na mbili za ngozi na uzushi. Asudan akasimama juu ya gunia ili aonekane. Akakohoa mara tatu kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka hamsini ya kudanganya.

Akaanza kwa mbali, kama inavyopasa. Akapita kwenye mwezi, akashuka kwenye mababu wa Sonpura mmoja mmoja, akamfikia Rawal, akamwongezea malkia mmoja mzuri aliyefariki mapema. Akamzaa mtoto. Akamficha kwenye kapu la chumvi. Wanawake wakaanza kufuta machozi.

Kisha akafika kivukoni.

Hapo jambo la ajabu likampata. Hakutafuta neno hata moja. Akasema kwamba mtu yule hakuwa na farasi wala ngao; kwamba maji yalikuwa ya baridi na yalimfika kiunoni; kwamba nyuma yake walikuwepo ng'ombe waliokuwa wakimtegemea. Hakumlinganisha na simba. Hakuugeuza mto mwekundu. Alipomaliza, mpiga ngoma, mtu aliyezoea kusinzia kwenye nasaba, alikuwa ameinua kichwa.

Asudan mwenyewe alistuka. Ulikuwa ubeti wa kwanza wa kweli maishani mwake, na aliona haya kidogo kwamba ulikuwa mzuri kuliko yote.

Pengine ndiyo sababu akalewa na sauti yake, akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Akachomoa jambia, akalielekeza kifuani pake.

"Naapa mbele ya moto huu! Lakho ni mwana wa nyumba ya Sonpura! Siku yeye mwenyewe atakaposema vinginevyo kwa mdomo wake, jambia hili liingie hapa mpaka mpini!"

Kiapo kisicho na hatari, ndivyo alivyofikiri. Marehemu hawana tabia ya kubisha.

Thakur Nimba akaweka kidole. Kuhani akapaka rangi nyekundu, alama ya mke mwenye mume, kwenye mstari wa nywele za Sarupde. Shangazi akakunja kitambaa cheupe kwa masikitiko, akakihifadhi mahali pa kukipata haraka.

"Nilijua!" Rao Akheraj alinguruma. "Nilipouona tu upanga ule nilisema moyoni: huu ni wa mrithi!"

"Ulisema, 'Ni nini hicho?'" alisema Rani.

"Kwa mshangao wa furaha! Mke wangu, mkwe wetu ni mwana wa kwanza! Gajsi ni nani? Gajsi ni mdogo mtu! Tena nitamdai Rawal tembo. Kwa binti niliyedhani namwozesha kwa mtoto wa pili, tembo wawili!"

"Kwanza tupate maji, baba," alisema Sarupde.

"Maji, ndiyo. Halafu tembo."

Ngoma zikapigwa. Watu wakaanza kuwafunga ng'ombe kwenye mikokoteni, kila mmoja akimweleza mwenzake kwamba hata yeye siku zote aliona kitu cha kifalme kwenye chumvi. Asudan akaketi chini, akanywa maji, akalirudisha jambia alani. Likaingia bila kelele. Alijisikia kama mtu wa miaka thelathini.

Bijo mlinzi wa lango akaja, akainama mpaka chini.

"Mpaji wa Chakula, kuna mtu langoni."

"Askari wa padishah?"

"Hapana, Mpaji. Mtu na ng'ombe wawili wenye magunia. Mguu mmoja anauburuta. Nilimwambia lango limefungwa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanitazama mimi. Kisha akaketi chini kusubiri."

Maji yalimpalia Asudan.

"Magunia ya nini?" aliuliza, ingawa miguu yake ilikuwa imeshajibu na kuanza kutembea.

Nyuma yake alisikia kitu kizito kikianguka. Thakur Nimba alikuwa amekaa kwenye sinia la peremende.

Kwenye nguzo mbili za hema aliketi mtu mrefu, mweusi wa jua, mikono kama mizizi. Kovu lilitoka sikioni likazama ndani ya kola. Alipomwona mzee, akasimama kwa taabu, akakunja mikono kifuani kwa heshima.

"Salamu, baba. Samahani kwa kuwasumbua watu wa harusi. Mimi naitwa Lakho."

"Salamu, mwanangu," alisema Asudan. Sauti yake nzuri ilikuwa imekwenda mahali pasipojulikana.

"Naufuata upanga wangu. Niliuguzwa miezi mingi kwa wachungaji ng'ambo ya mto. Nilipopona nikaambiwa umepelekwa Sonpura. Kufika Sonpura, nikaambiwa umepanda ngamia umekuja huku. Ni chuma kibovu, baba, kina mapengo, lakini huwa nakatia kuni." Akajikuna kichwa. "Halafu njiani watu wakaniambia kwamba unakwenda kuoa. Nikadhani wananitania kwa sababu ya mguu."

"Hawakukutania," alinong'ona Asudan. "Sikiliza, mwanangu, nisikilize vizuri, tuna muda mdogo sana. Watakuuliza swali moja..."

"Bijo! Fungua!"

Ilikuwa sauti ya Rao. Bijo akainua komeo la hewa, akayavuta mabawa mawili ya lango lisilokuwepo. Mtu mwingine angetembea tu. Lakho alisubiri mpaka lango likafunguka kabisa, akainamisha kichwa chini ya kizingiti ambacho hakikuwepo, kwa adabu, kisha akaingia.

Watu mia tatu walikuwa wamejipanga. Pazia la mkokoteni mwekundu lilikuwa limefunguliwa wazi, wala hapakuwa na shangazi aliyethubutu kulifunga. Sarupde alikuwa akiutazama ule mguu unaoburuzwa, na kovu, na mikono. Hakushusha ushungi.

Rao Akheraj akapanda juu ya kiti chake cha enzi, kilichokuwa juu ya mkokoteni, kilichokuwa juu ya mchanga.

"Wewe uliye langoni mwangu! Mbele ya moto huu na mbele ya hati hii, jina lako nani, na wewe ni mwana wa nani?"

Asudan akakodoa macho, akatikisa kichwa, akakunja uso, akaonyesha hati, akaonyesha moto, akaonyesha kifua chake mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye jambia bila kutumwa.

Na Lakho, ambaye hajawahi kusema uongo tangu azaliwe, kwa kuwa ng'ombe hawauhitaji, akamtazama yule mzee anayehangaika, akamtazama binti aliye mkokotenini, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Mimi," alisema, "ni mwana wa..."